Nani Alipe Nauli ya Mwanafizikia?

Juni 1911 barua za siri zilitoka Brussels kwenda kwa wanafizikia na wanakemia mashuhuri wa Ulaya. Aliyezitia saini, Ernest Solvay, alikuwa mwenye viwanda vya magadi. Maradhi yalimzuia kwenda chuo kikuu ujanani. Baadaye akavumbua njia ya kutengeneza magadi kwa chumvi, chokaa na amonia, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ubelgiji. (Ni magadi ya jamii ile ile inayovunwa Ziwa Magadi, Kajiado, na kuishia kwenye kioo na sabuni.) Barua iliwaita waje kuzungumza juu ya fumbo lililokuwa likiitikisa fizikia yote: hesabu za Max Planck na Albert Einstein zilionyesha kwamba nuru na joto hutolewa na kupokewa kwa vipande vipande, yaani kwa kwanta, ilhali nadharia waliyokulia nayo wote ilidai vitiririke bila kukatika. Kila aliyeitikia aliahidiwa faranga 1,000 za safari. Malazi yalikuwa Hoteli Metropole.

Mkutano ule wa tarehe 30 Oktoba hadi 3 Novemba 1911 umesimuliwa mara nyingi kupitia majina ya waliohudhuria: Marie Curie, Einstein, Planck, Poincaré, Rutherford. Mimi nataka kuutazama kupitia mfuko uliougharamia, kisha niulinganishe mfuko huo na mingine iliyowahi kuwakutanisha wasomi, kuanzia Göttingen na Trieste hadi Lamu na Nyeri. Naamini namna pesa zinavyotolewa huamua ni nani ataingia ukumbini, na wakati mwingine huamua hata atakachothubutu kukisema akishaingia.

Tuanze na tajiri mwenyewe. Solvay alikuwa na nadharia yake juu ya uvutano na maada. Aliichapisha, akawagawia wageni wake, akaieleza katika hotuba ya ufunguzi. Mtu aliyelipa nauli za watu wote, chakula chao na vitanda vyao angeweza kabisa kudai siku nzima ya kujadiliwa kwa nadharia hiyo. Hakudai. Alimwachia kiti Hendrik Lorentz, Mholanzi mwenye subira na lugha nyingi, na mjadala ukafuata mada ambazo mwanakemia Walther Nernst na wenzake walikuwa wamezipanga. Hata wakati wa kupigwa ile picha maarufu Solvay hakuwepo; sura yake ilibandikwa baadaye, na ukiikagua picha utaona kichwa chake hakilingani na vya wenzake.

Matunda ya mkutano yaliwafikia walioalikwa na hata wasioalikwa. Poincaré, ambaye alikwenda Brussels bila kuwa mfuasi wa kwanta, alirudi Paris akaandika uthibitisho wa kihisabati kwamba bila kwanta sheria ya Planck haipatikani. Alifariki Julai 1912, miezi michache tu baadaye. Niels Bohr, ambaye hakualikwa, alisimuliwa habari za mkutano na Rutherford. Na kijana mmoja aitwaye Louis de Broglie alisoma kumbukumbu za mjadala zilizohaririwa na kaka yake Maurice, aliyekuwa katibu, akaamua kuyatoa maisha yake kwa fumbo lile. Mtu asemaye kwamba makongamano ni maneno matupu na ayatazame matokeo haya matatu.

Mwaka uliofuata Solvay alifanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko ule mwaliko. Tarehe 1 Mei 1912 alianzisha Taasisi ya Kimataifa ya Fizikia, akaitengea faranga milioni moja, akaipa umri wa miaka 30. Mambo ya sayansi yakakabidhiwa kamati ya wanasayansi kutoka nchi mbalimbali: wao ndio waliochagua mada, na wao ndio waliochagua wageni. Mapato mengine yaligharamia majaribio ya watafiti ambao hata hawakuwa Wabelgiji. Hapo ukarimu wa mtu mmoja, ambao ungeweza kufa pamoja naye, ukageuka kuwa utaratibu. Alipofariki mwaka 1922 mikutano haikusimama, na ule wa tano, wa Oktoba 1927, ndio uliowaweka Bohr na Einstein uso kwa uso juu ya maana ya nadharia mpya.

Hata hivyo mfuko huu ulikuwa na mlango mwembamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifungiwa nje mwaka 1921 na 1924. Einstein alikataa kwenda mwaka 1924 kwa sababu wenzake walikuwa wametengwa, na ilibidi Lorentz apate kibali cha Mfalme Albert wa Ubelgiji ndipo waalikwe tena. Watu waliokusanyika 1927 walikuwa 29, mwanamke akiwa Marie Curie peke yake. Satyendra Nath Bose, ambaye mwaka 1924 alimpelekea Einstein kutoka Dhaka makala iliyoleta hesabu mpya ya chembe za nuru, hakuwamo. Ukumbi wa mwaliko hujazwa na wale ambao waalikaji tayari wanawajua, na aliye mbali hujulikana kwa nadra.

Mwezi mmoja tu kabla ya mkutano huo wa 1927, yaani Septemba, wanafizikia walikuwa wameitwa Como, Italia, kuadhimisha miaka mia tangu kifo cha Alessandro Volta. Utawala wa Mussolini uliipokea hafla ile kama pambo lake. Bohr alikwenda, akatoa pale kwa mara ya kwanza wazo lake kwamba sura ya wimbi na sura ya chembe hukamilishana. Einstein hakutaka kukanyaga. Namwelewa. Serikali ikilipa ili ionekane, kila anayeketi kwenye kiti kile anakuwa sehemu ya maonyesho, apende asipende.

Sasa tuvuke kwenda Göttingen, maana huko kuna kisa ambacho msomaji wa Mombasa au Unguja atakielewa upesi kuliko Wajerumani wenyewe. Paul Wolfskehl, daktari aliyependa hisabati, alifariki mwaka 1906 akiwa ameacha maki 100,000 za Kijerumani, apewe yeyote atakayethibitisha kanuni ya mwisho ya Fermat. Hakuna aliyeithibitisha hadi miaka ya tisini. Wakati ule mtaji ulikaa, na mapato yake yakatumika kuwaalika wageni watoe mihadhara: Poincaré mwaka 1909, Lorentz 1910, na Juni 1922 Niels Bohr, aliyefundisha nadharia ya atomu mbele ya ukumbi uliojaa. Mtaji hauguswi, mapato yanawafaidia watu, na aliyetoa yuko kaburini, hana la kuamrisha. Huu ni wakfu, umekosa jina tu.

Ndani ya hadhira ile alikuwamo Werner Heisenberg, mwanafunzi wa miaka ishirini kutoka Munich. Alisimama, akampinga Bohr juu ya jambo moja la hesabu, na baada ya kikao Bohr akamchukua wakatembee mlimani. Maisha ya Heisenberg yakabadilika kutokana na matembezi yale, na miaka mitatu baadaye yeye ndiye aliyeandika makala iliyofungua mlango wa mekanika ya kwanta. Lakini alisimulia mwenyewe kwamba hakuwa na uwezo wa kulipa treni ya kwenda na kurudi. Mwalimu wake, Arnold Sommerfeld, alimbebea gharama. Wakfu ulimleta mgeni mkubwa. Kijana aliletwa na hisani ya mwalimu. Bila hisani hiyo kiti kingebaki kitupu, wala hakuna ambaye angejua kwamba kuna aliyekosekana.

Wakfu wenyewe, ule wa Kiislamu, ulikwisha kuitumikia sayansi karne nyingi kabla. Mwaka 1259 ujenzi wa kituo cha kutazamia nyota ulianza Maragha, kaskazini-magharibi mwa Iran, chini ya Nasir al-Din al-Tusi, kwa kibali cha Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan. Al-Tusi alikabidhiwa usimamizi wa mapato ya wakfu, na mapato hayo ndiyo yaliyokilisha kituo. Hulagu alifariki 1265, al-Tusi 1274, na kazi ikaendelea. Vituo vya namna hiyo vilivyotegemea mfuko wa mtawala peke yake mara nyingi vilikufa pamoja na mtawala. Nacho chuo cha al-Azhar, Cairo, kilikuwa na mabweni yaliyoitwa riwaki, kila moja likipokea wanafunzi wa upande fulani wa dunia. Wa Pembe ya Afrika walikuwa na riwaki yao ya Jabarti. Wakfu ndio uliowapa mkate wa kila siku. Hapo aliye mbali alifikiriwa tangu mwanzo, akawekewa kitanda kabla hajafika.

Ninapoisoma habari ya kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, naiona riwaki ile imerudi kwa umbo jingine, na sidhani kama ni bahati tu. Mwanzilishi wake, mwanafizikia Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang katika Punjab, aliijua historia hiyo vizuri na aliizungumza hadharani. Alikuwa ameonja upweke mwenyewe. Aliporudi kutoka Cambridge kufundisha Lahore mwaka 1951 hakuwa na mtu wa kuzungumza naye fizikia, na pale chuoni alipewa hata kazi ya kusimamia timu ya kandanda. Wolfgang Pauli alipokuwa Bombay, Salam alikwenda kumwona, akarudi na kukuta ameandikiwa kosa la kuondoka bila ruhusa. Mwaka 1954 alihama, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote: kwamba mtu alazimike kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake.

Mwaka 1960, katika mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huko Vienna, alipendekeza kianzishwe kituo cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya watu wa nchi maskini. Mataifa tajiri mengi hayakufurahia. Salam alisimulia kwamba mjumbe mmoja aliifananisha fizikia ya nadharia na gari la kifahari, akasema nchi hizi zinahitaji mikokoteni ya ng'ombe. Shirika lilipokubali hatimaye lilitenga dola 55,000 tu. Italia ndiyo iliyojitokeza na ahadi ya zaidi ya mara tano ya kiasi hicho kila mwaka, maana ilikuwa na sababu zake za kutaka kuupa hadhi mji wa mpakani ulioirudia mwaka 1954. Kituo kikafunguliwa Trieste mwaka 1964, na UNESCO ikaingia baadaye kama mshirika.

Kile ninachokithamini zaidi katika Trieste ni mpango wa washirika. Mwanafizikia wa nchi inayoendelea hupewa haki ya kwenda kituoni mara kadhaa katika kipindi cha miaka kadhaa, akae wiki au miezi, nauli na posho zikilipwa, kisha arudi kufundisha kwao. Salam alikuwa ameipima vizuri adha yake mwenyewe ya Lahore. Mwaliko wa mara moja ungemfurahisha mtu kisha ungemrudisha upwekeni. Haki ya kurudi humwezesha kubaki nyumbani bila kukatika na wenzake. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 alitumia fedha za tuzo kuwasaidia wanafunzi wa nchi yake. Alifariki 1996, na mwaka uliofuata kituo kikapewa jina lake.

Nasi huku tumefanya nini? Kusema kwamba hatuna utamaduni wa kuchangia elimu ni kutusingizia. Mapema miaka ya sabini wananchi wa Kenya walichangishana kwa harambee kujenga vyuo vya teknolojia mkoa kwa mkoa. Kile cha Nyeri leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na kile cha Kakamega ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Lamu, kila mwaka, Maulidi ya Msikiti wa Riyadha hupokea wageni kutoka pwani yote na ng'ambo, na wenyeji huwalisha na kuwalaza. Ukiitazama kwa macho ya mratibu, ile ni kazi kubwa ya kukutanisha watu, na imedumu zaidi ya karne moja bila kumwandikia mfadhili wa nje fomu yoyote.

Harambee ina nguvu ambayo Solvay hakuwa nayo: mali ni ya wengi, kwa hiyo hakuna mmoja wa kuidai. Lakini ina ugonjwa wake. Kiasi hutangazwa kwa kipaza sauti, jina husomwa, mgeni rasmi hupigiwa makofi, na siasa huingia kupitia mlango huo huo. Kenya ililazimika mwaka 2003 kuwawekea watumishi wa umma mipaka ya kisheria katika harambee. Aidha, mchango wa namna hii hupenda kinachoonekana. Ukuta una rangi na jiwe la msingi lina maandishi. Mazungumzo ya siku tano kati ya vijana na wakongwe wa fizikia hayana pa kubandika kibao. Ndiyo maana tulijenga maabara nyingi kuliko tulivyowapeleka watu kukutana.

Na pale tunapokutana, pesa hupotelea pembeni. Nimeketi katika makongamano ya kitaaluma ambayo bajeti yake ililiwa na mabango, mikoba, fulana na saa mbili za kumsubiri mgeni rasmi, wakati mwanafunzi wa uzamili ambaye mada yake ilikubaliwa alibaki chuoni kwa kukosa nauli ya basi. Hilo hunikera kuliko umaskini wenyewe, kwa sababu hapo pesa zilikuwepo.

Tunao hata ushahidi wetu wa kile ambacho nauli ya mtu mmoja huweza kuleta. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kuwa barafu kabla ya ule uliopozwa. Walimu hawakumsadiki. Baadaye, Mpemba akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, profesa wa fizikia Denis Osborne alisafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi, naye Mpemba akamuuliza swali lake huku wenzake wakicheka. Osborne alirudi na swali hilo maabara, wakalichunguza, na mwaka 1969 makala ikachapishwa kwa majina yao mawili. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Zaidi ya hapo, jina la Mpemba limevuka kutoka kwenye maji hadi kwenye kwanta: mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha majaribio yao ya tabia ya Mpemba katika ulimwengu wa kwanta, yaliyofanywa kwa ayoni zilizonaswa na kuongozwa kwa leza. Safari moja ya ndani ya nchi, kwenda kuonana na wanafunzi wa sekondari, imeandika jina la Mtanzania katika mikutano ya sayansi hii ya kisasa kabisa.

Mambo yameanza kusogea. Shule ya Afrika ya fizikia, iliyoanza Stellenbosch mwaka 2010 na inayohamahama nchi kwa nchi, ilifanyika Kigali mwaka 2016. Mwaka 2018 huko huko Kigali ilizinduliwa taasisi ya utafiti wa msingi kwa ajili ya Afrika Mashariki, tawi la Trieste, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Na Ghana ndiyo iliyowasilisha katika Umoja wa Mataifa azimio lililoufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwanta. Lakini azimio halinunui tiketi. Viongozi wa Afrika waliazimia mwaka 2006 huko Khartoum kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti, na nchi nyingi bado ziko mbali na kiwango hicho. Wakati huo huo kuruka kutoka mji mmoja wa Afrika kwenda mwingine mara nyingi kunagharimu sawa na kwenda Ulaya, au zaidi, na viza bado ni kikwazo kati yetu wenyewe.

Nikiyalinganisha yote haya, simwoni Solvay kuwa mfano wa kuigwa mzima mzima, maana hatuwezi kukaa tukimsubiri tajiri mwenye busara ya kunyamaza. Trieste nayo inasimama kwa kodi za Waitaliano, na tangu lini mtu akapanga mustakabali wake kwa kodi za watu wengine? Utaratibu unaotufaa tunao sehemu mbili, nao haujawahi kuunganishwa: mkono mpana wa mchango, na nidhamu ya wakfu. Mchango ukusanye mtaji, wakfu uulinde. Kiwekezwe kitu kinacholeta mapato ya halali, nyumba ya kupangisha au fremu za maduka, na mapato yaende katika jambo moja tu: nauli na malazi ya vijana wa fizikia wa nchi zetu wakutane kila mwaka, na warudi mwaka wa pili na wa tatu. Wanafizikia wenyewe wachague mada na watu, kama alivyoruhusu Solvay. Majina ya waliotoa yachapishwe katika ukurasa wa mwisho wa kumbukumbu, bila viwango. Jukwaani wasimame wenye mada.

Kamati ya harusi ya Dar es Salaam hukusanya mamilioni ya shilingi kwa wiki chache, na sina ugomvi na harusi. Nawaomba wenye uzoefu huo, vyama vya wahitimu wa vyuo vyetu, wafanyabiashara wa Mombasa, Mwanza na Bujumbura, na ndugu zetu walioko Muscat, London na Toronto: undeni kamati moja ya namna hiyo kwa ajili ya fizikia. Mwaka wa kwanza mlipieni nauli kijana mmoja, na mtaji msiuguse.